Komeo la Nje

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu anasema nimeanza kuongea na mbao. Yeye ni muuguzi, kila anachokiona lazima akitafutie dawa, na dawa ya hiki, anasema, ni kuandika. "Andika, Baba. Daftari halichoki kusikiliza." Basi nimechukua hili la vipimo vya kazi. Mbele kuna madirisha ya watu, nyuma nitakuwepo mimi.

Leo fremu mbili, zote za jikoni. Mawingu yapo lakini hayajaamua.

Mchana alikuja Mama Kengele. Alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi, na siku aliyostaafu aliondoka na kengele ya shule kwenye mkoba; mpaka leo anaitumia kuita watu mikutanoni na hakuna aliyethubutu kumdai. Alikuja na karatasi, kila jirani na ya kwake. Lile ghala la sabuni lililo tupu, ambalo ukuta wake wa kushoto ndio ukuta wa kulia wa karakana yangu, mwenyewe amekubali kulitoa msimu huu wa mvua ili familia zisizo na makazi zipate pa kulala. Ofisini kwa serikali ya mtaa wamesema hawana neno, ila wote wanaopakana nalo waweke sahihi. Tuko kumi na mmoja. Mimi ndiye wa karibu kuliko wote, na bomba la maji liko uani kwangu, kwa hiyo bila mimi hakuna kitu.

"Nitafikiria," nikamwambia.

"Fikiria upesi, Fundi. Mvua haitakuuliza umefikia wapi."

Karatasi nimeiweka chini ya randa.

Jumanne, 4 Machi

Stuli tatu. Hakuna mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Imenyesha. Mvua ya kwanza, ya robo saa, ya kutuliza vumbi tu. Nilikuwa nachonga mguu wa meza nikasikia kwenye mlango wa baraza: ko, ko, ko. Nikaenda kufungua. Hakukuwa na mtu. Kizingiti kilikuwa kikavu na maji yanatiririka ukingoni.

Niandike hili kabla halijanitoka. Fundi akinunua ubao huugonga kwa kifundo cha kidole, mara tatu, na kusikiliza. Ubao mzima hujibu kwa sauti nene. Uliooza ndani hujibu kama boksi tupu, hata kama kwa nje unang'aa. Nimegonga mbao miaka thelathini na minane na sijawahi kudanganywa. Kwa hiyo naijua ile sauti. Aliyegonga leo aligonga kama fundi, na nimemfahamu mmoja tu mwingine aliyegonga hivyo, naye hakuwa fundi, alikuwa na miaka kama saba.

Nimeogopa. Naandika kwa sababu binti yangu alisema niandike.

Jumapili, 9 Machi

Msagishaji alipita. Huyu ni rafiki yangu tangu ujana, ana mashine ya kusaga unga mkabala na mimi, na kelele za mashine zimemla masikio, kwa hiyo siri zake zote mtaa mzima unazijua. Nilimwambia kuhusu mlango, kwa mzaha.

"Mbao mbichi hulia zikinywa maji!" akapiga kelele. "Si wewe uliyetufundisha? Mlango wa baraza uliupigilia kwa mbao mbichi, una mwaka mmoja tu. Sasa unalia. Mfinyanzi hulia gaeni, ndugu yangu, na seremala hukaa na mlango mbovu."

Nikacheka naye. Halafu akauliza kama nitaweka sahihi. Nikasema sijui. Akasema yeye haweki. "Ukifungua mlango mmoja, mji mzima unajua njia." Nilifurahi kupata mwenzangu, na furaha yenyewe ikaniudhi.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano, darasani kwa watoto wadogo, watu wazima tumekaa magoti yakigusa kidevu. Madawati hayo nilitengeneza mimi. Mama Kengele akapiga kengele na wote tukanyamaza, hata wenye mvi.

Alisema familia kumi na nne zinalala wazi kati ya soko na daraja, nyingi zilibomokewa na nyumba mwaka jana. Hazihitaji nyumba zetu, alisema, zinahitaji paa miezi mitatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Msagishaji akadakia kutoka nyuma: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Wewe unazungumzia miezi!"

Watu wakacheka. Mwashi mmoja akasema atasiliba nyufa za ghala bila malipo. Mama mfua nguo akasema mablanketi ya hoteli yanayotupwa yeye ndiye anayeyafua, ataleta. Mwingine akauliza kama wana magonjwa. Mwingine akajibu kuwa magonjwa yapo, yanapatikana kwa kulala kwenye matope. Ikaendelea hivyo, domo hapa domo pale, mpaka wote wakaanza kunitazama mimi.

Nikasimama. Nikasema karakana yangu imejaa maranda na vumbi la mbao, na watu wakipikapika ukuta wa pili, cheche moja inatosha. Nikasema nawahurumia wenyewe, wasije wakaungua. Nilisema vizuri sana, kwa sauti ya mtu mwenye busara. Hata Msagishaji alitikisa kichwa kukubali.

Mama Kengele akaandika kitu kwenye karatasi yake, kama alivyokuwa akifanya zamani mtoto akimdanganya.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu asubuhi. Fremu moja. Mlango umegongwa saa nne, na saa tisa tena. Sikwenda.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mvua. Kitanda cha watu kinakaa bila vanishi, hakikauki.

Jumamosi, 22 Machi

Leo naandika yote.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, alikuja mama mmoja na watoto wawili, wa kike na mchanga wa mgongoni. Walilala barazani pa karakana yangu. Hawakuomba, asubuhi moja nilikuja kufungua kazi nikawakuta, na baraza limefagiliwa safi kuliko nilivyowahi kulifagia mimi. Yule mama akasema shikamoo, nikaitika, nikaingia ndani. Ndivyo ilivyokuwa kwa siku tisa. Mchana wanaondoka, jioni wanarudi. Sikuwauliza wametoka wapi. Sikuwauliza majina.

Yule mtoto wa kike alikuwa akisimama mlangoni ananitazama nikikagua mbao. Siku ya tatu akaanza kugonga kila kitu: nguzo, ndoo, kichwa cha mdogo wake. Anagonga mara tatu, anainamisha sikio, anatoa hukumu. "Huu mzima." "Huu umeoza, Fundi." Nikampa jina, Kigong'ota, kama yule ndege. Aliugonga mguu wangu akasema umeoza, nami nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu mama yake binti yangu afariki sikuwa nimecheka hivyo.

Siku ya saba nilikuwa na ubao mmoja mzuri wa mninga nimeuegemeza ukutani. Akasimama nao mgongo kwa mgongo. "Nipime." Nikatoa penseli nyuma ya sikio, nikachora mstari juu ya kichwa chake. Nikamwambia mvua inakuza mahindi, inakuza na watoto, kwa hiyo mvua ikiisha nitampima tena. Akauliza, "Kweli?" Nikasema kweli.

Siku ya tisa ikaja kazi kubwa, viti vya ukumbi, na mbao nyingi zisizotosha ndani. Mwenye kazi alikuja kukagua, akaona yale mablanketi yao yamekunjwa pembeni. Akasema, "Fundi, hapa pamekuwa gulio?" Basi. Hilo tu. Hakunitisha, hakuniambia nitaipoteza kazi. Ni mimi niliyeona haya mbele ya mtu ambaye hata jina lake silikumbuki sasa.

Mchana, wakiwa wametoka, nikaziba baraza kwa mbao na kutia mlango. Sikuwasubiri niwaambie. Mablanketi yao niliyaweka nje, juu ya tofali ili yasilowe. Nilijiona mtu mwema kwa lile tofali.

Jioni, saa kumi na mbili na nusu, ikaanza kunyesha ile mvua iliyobomoa ukuta wa machinjioni. Nilikuwa ndani nafagia. Nikasikia ko, ko, ko. Nilijua ni nani. Nikakaa chini kwenye maranda, ufagio mkononi, nikajikausha. Ilirudia mara moja. Halafu basi. Asubuhi tofali lilikuwepo, mablanketi hayakuwepo.

Chini ya ule ukuta walizikwa watu ambao hakuna aliyewatambua. Sikwenda kutazama. Nilikuwa na viti vya kutengeneza.

Ule ubao sijautumia. Nimeuhamisha kila pembe ya karakana, na kila ninapouweka unanitazama.

Jumapili, 23 Machi

Binti yangu ametoka zamu amechoka, amekaa jikoni na viatu miguuni. Wamepokea watoto watatu wiki hii, kichomi wote, wote wamelala chini ya daraja. Mmoja hakufika asubuhi.

"Baba," akasema, "ni kweli wewe ndiye hujaweka sahihi?"

Nikasema tuko wawili, mimi na Msagishaji.

"Msagishaji kaweka juzi."

Akavua viatu taratibu, akaenda kulala bila kula. Hajawahi kunitazama vile tangu azaliwe.

Jumatano, 26 Machi

Nimechukua karatasi chini ya randa, nikaenda nayo kwa Mama Kengele mvua ikininyeshea. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wajukuu. Akanipa taulo. Nikasema nimekuja kuweka sahihi, lakini kwanza kuna jambo la mwaka jana anapaswa kulijua.

"La mlango wa baraza," akasema.

"Nilikuona ukipigilia, Fundi. Nilikuwa natoka dukani. Jioni nikawaona na wao, wamesimama mbele ya ule mlango, yule mama na watoto wake. Nilikuwa na mwavuli. Nilisema moyoni, nitapita tu, Fundi atawafungulia. Nikapita." Akakunja daftari la mjukuu. "Mwenye duka aliona. Msagishaji aliona, alisimamisha mashine akatazama, akaiwasha tena. Unadhani kwa nini nimezunguka na karatasi hii kama chizi? Ulidhani ni kwa sababu ya huruma?"

Mwaka mzima nilimwona mama wa shughuli, mpenda kengele yake. Nimekuwa mjinga. Nikaweka sahihi, na wino ukasambaa kwa maji ya nywele zangu. Akasema haidhuru, inasomeka.

Ijumaa, 28 Machi

Ghala limefunguliwa. Lina harufu ya sabuni mpaka machozi yanatoka. Mwashi amesiliba nyufa. Mama mfua nguo ameleta mablanketi kwa mkokoteni. Msagishaji amefua magunia yake ya unga, tumeyajaza maranda yangu makavu, mama za mtaa wakayashona midomo, yakawa magodoro ishirini na sita. Yale maranda ya cheche moja inatosha. Hakuna aliyenikumbusha, wameniachia heshima yangu.

Tukiwa tunajaza, Msagishaji alininong'oneza, yaani alipiga kelele kidogo: "Yule mama wa mwaka jana nilikuwa nikimpa unga wa kufagia chini ya mashine. Siku tisa zote. Nilidhani inatosha."

Kwa hiyo naye. Na kupinga kwake kote kule mkutanoni kulikuwa kama kwangu.

Jumatano, 2 Aprili

Mlango wa ghala ni kazi yangu. Wa zamani umeliwa na mchwa. Futi saba kwa nne, mbao sita za kusimama, tatu za kulala. Lori la mbao limekwama kwenye matope huko njiani, na familia zinakuja Jumamosi. Za kusimama nina tano.

Ya sita ni ile.

Nimezunguka karakana nikitafuta kisingizio, sikukipata. Nimeugonga mara tatu. Mzima. Nikaupiga randa upande mmoja tu, ule usio na alama, nao nikaugeuza nje. Mstari wa penseli umebaki upande wa ndani, ubao wa pili kutoka kwenye bawaba, kimo cha mtoto wa miaka saba.

Jumamosi, 5 Aprili

Aibu ya leo itanizika.

Mlango niliufunga jana. Bawaba nne, unafunguka kwa kidole, hata mwashi aliusifu. Leo mvua ya mawe, familia ya kwanza imefika, baba, mama, bibi na watoto watano, Mama Kengele ana kengele na afisa wa ustawi wa jamii ana kamera. Yule baba akaingia, akaufunga mlango kuzuia mvua, akapapasa. Akafungua tena, akachungulia nje. Akaliona komeo.

Nimelitia nje. Komeo refu la chuma, zito, na tundu la kufuli. Miaka thelathini na minane ghala ni mahali pa magunia, na mlango wa ghala hufungwa kwa nje. Mkono umekwenda wenyewe. Hakuna aliyeona, si mwashi, si mimi, sote ni watu wa maghala.

"Fundi," yule baba akasema kwa upole kabisa, "kwani tunafungiwa?"

Bibi yao akarudi nyuma hatua moja, akatoka hadi kwenye mvua. Akasema yeye haingii. Alishawahi kuwekwa mahali penye komeo la nje, alisema, na haingii tena. Amesimama pale analowa, mtu mzima wa umri wa mama yangu, na kila mtu ananitazama.

Nilikimbia kuchukua bisibisi. Sijawahi kufungua skrubu kwa haraka vile, moja nilidondosha nikaitafuta kwenye matope kwa magoti. Nikalihamishia ndani. Nikamwomba bibi aje alijaribu mwenyewe. Akaingia, akafunga, nikabaki nje kwenye mvua ya mawe, nasikia komeo likipita kwa ndani. Akafungua. Akafunga tena. Mara ya tatu alichelewa kufungua, nikasikia watoto wakicheka huko ndani.

Mama Kengele akaniambia pembeni, "Sasa wao ndio watakaoamua kukufungulia wewe." Alisema kama utani. Sijui kama ulikuwa utani.

Jumatatu, 7 Aprili

Familia sita. Bomba la uani kwangu lina foleni kuanzia alfajiri. Wanafagia ua wangu, nimewakataza, wanafagia tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Familia kumi na moja. Watoto wameugundua mstari mlangoni. Wanajipima wote, wanachora kwa mkaa. Nilimkuta mmoja amesimama pale, kichwa kimegusa penseli yangu sawasawa, nikapata kizunguzungu. Alikuwa mwingine. Ana pengo.

Mlango wa baraza langu haujagongwa tangu tarehe tano. Naukaribia na kusikiliza. Sijui ninatamani nini.

Alhamisi, 17 Aprili

Amekuja.

Nilikuwa uani naloweka gundi. Mama Kengele akapita na mwanamke aliyebeba bunda kichwani, amemshika mkono mtoto wa kiume anayejifunza kutembea. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Nikahesabu watoto. Mmoja. Nikasubiri mwingine atokee nyuma yao, nikatazama mpaka kona ya barabara, mpaka pakabaki mvua tu.

Nikaingia karakana nikafunga.

Ijumaa, 18 Aprili

Sijatoka.

Jumatatu, 21 Aprili

Sijatoka. Binti yangu amechukua maji bombani akasema kuna mama anaulizia alama iliyo mlangoni, nani kaichora. Hakuna anayejua. "Unajua, Baba?" Nikasema nina kazi.

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi mvua ilipumzika. Nilimwona dirishani, yuko peke yake kwenye jiwe la kufulia, mtoto amelala mgongoni. Nikatoka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama." Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge.

"Ile alama mlangoni ni yako."

"Ni yangu."

"Nilijua. Kila siku nalala nimeielekea." Akaikamua nguo. "Alipata kichomi. Baada ya ile siku tulilala kwenye mtaro wa reli, kuna daraja dogo. Siku ya sita akaenda. Alikuwa anauliza kama mvua imeisha, nikimwambia bado anasema basi nitasubiri."

Nilitaka kukaa, hapakuwa na pa kukaa. Nikasema lile nililolibeba, nililisema vibaya, bila mpangilio.

"Nilikuwa ndani, mama. Ile jioni. Niliwasikia mkigonga. Mara tatu, na tena mara tatu. Nikajikausha."

Akaacha kukamua.

"Nani aligonga?"

"Mtoto. Mlipokuta nimefunga."

"Hatukugonga, Fundi." Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Tulikuta mlango mpya, tukaona mablanketi juu ya tofali, nikaelewa. Yeye ndiye aliyetaka kugonga. Alisema, Fundi hajajua kama tumefika. Aliinua mkono, nikaudaka. Niliona haya kuomba. Nikamvuta, tukaondoka, akawa anageuka nyuma." Sauti yake ilishuka. "Mwaka mzima najiuliza jambo moja. Ningemwacha agonge, ungefungua?"

Nilikaribia kujibu upesi. Jibu lilikuwa ulimini: ningefungua, mama, wallahi ningefungua. Nani asingependa kusema hivyo? Halafu nikauona mkono wake, ule uliomdaka mtoto, umeshika nguo mbichi, na nikaelewa anachoniuliza. Nikisema ningefungua, mimi naondoka pale mtu mwema, na yeye anabaki na mkono huo maisha yake yote.

"Nisingefungua," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nilikuwa nimekaa chini. Nilikuwa nimeshaamua. Hata angegonga mpaka asubuhi, nisingefungua."

Mabega yake yakashuka, akakaa juu ya lile jiwe lenye maji, akalia bila sauti, mtoto amelala mgongoni hajui kitu. Alipomaliza akajifuta kwa ile nguo aliyokuwa akiifua.

"Ahsante," akasema.

Amenishukuru. Kwa hilo.

Sasa niko karakana na nimeuliza swali lile lile mara mia. Sijui kama nilimwambia kweli. Nadhani ni kweli. Na kama hawakugonga, basi ile jioni nilisikia nini, nikamkalia kimya nani? Msagishaji atasema mbao mbichi. Nilikuwa nimezipigilia mchana ule ule, kwa hiyo inawezekana. Nimeugonga mlango wa baraza mimi mwenyewe, mara tatu, nikasikiliza. Umejibu kama boksi tupu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeubomoa mlango wa baraza. Mbao nimempa bibi wa familia ya kwanza, za kuni.

Jumanne, 6 Mei

Mvua imepungua. Msagishaji na yule bibi wanataniana siku nzima, bibi anamwambia apunguze sauti yeye siyo mashine. Vitanda viwili vya watoto. Mama wa Kigong'ota ananisalimia, namwitikia. Hatujasema lingine.

Jumapili, 18 Mei

Ofisini wameongeza mwezi mmoja. Safari hii karatasi ya sahihi ilijaa kabla ya mchana, na Mama Kengele hakuhitaji kengele. Familia nne zimepata vyumba. Yule mama amepata kazi kwa mfua nguo, na chumba nyuma ya dobi kuanzia mwezi ujao.

Jumamosi, 31 Mei

Siku kumi na moja bila tone. Ardhi imepasuka uani.

Yule mama alikuja karakana saa tatu, bunda limeshafungwa, mtoto amemshika sketi. Alisimama palipokuwa na mlango wa baraza, akasubiri, ingawa pako wazi.

"Fundi, mvua imeisha," akasema. "Ulimwahidi dada yake."

Nilichukua penseli. Tukaenda ghalani, mimi, yeye na mtoto, nikagonga. Bibi akauliza ni nani, nikasema Fundi, akavuta komeo akanifungulia.

Nikamsimamisha mtoto mgongo kwa mlango. Hatulii, anacheka, anataka penseli. Kichwa chake kimefika mbali sana chini ya ule mstari. Nikachora, nikaandika tarehe, nikamuuliza mama yake jina la mtoto, nikaliandika. Nikauliza na la dada yake. Alinitajia polepole, herufi kwa herufi, mkono wake ukiwa begani kwangu, nami nikaliandika pale juu kwenye mstari wangu wa mwaka jana. Penseli ilikatika mara mbili.

Hapa siliandiki. Liko mlangoni, upande wa ndani.